Alama za Chaki Mwambani

Ninaandika habari hii kwa sababu imekwisha kusimuliwa na watu wengi ambao hawakuwapo. Nimeisikia sokoni Masoko, nimeisikia ndani ya basi la kwenda Lindi, na safari moja nilisimuliwa mimi mwenyewe na abiria aliyekaa kando yangu, asijue kwamba anayezungumza naye ndiye mwenye gari. Katika masimulizi hayo gari langu lina macho, linanusa madini, na hutoka nyumbani lenyewe nikiwa nimelala. Katika wasimulizi wote hao hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza. Basi nitaeleza niliyoyafanya kwa mikono yangu na niliyoyaona kwa macho yangu, na pale nisipojua nitasema sijui.

Nilifundisha fizikia maisha yangu yote ya kazi. Nilipostaafu nilirudi kwenye nyumba tuliyojenga mimi na mke wangu nje kidogo ya Kilwa Masoko, mahali ambapo udongo mwekundu wa shamba unakoma na matumbawe makavu ya pwani yanaanza. Nilidhani nitalima mihogo na kusoma. Nililima, nikasoma, na siku bado ikabaki ndefu.

Nikiwa Lindi kwa shughuli nyingine, niliona kwenye meza ya mitumba gari la kuchezea la rimoti, bovu, limelala katikati ya viatu visivyo na wenzake. Nililinunua ili nijue limekufa kwa nini. Lilikuwa limekatika waya. Nikaulehemu, nikaliweka sakafuni, nalo likakimbia kwa fujo hadi kwenye kizingiti cha mlango, likagonga na kulala chali, magurudumu yakizunguka hewani. Nililiinua. Likarudia upumbavu uleule. Jambo hilo lilinikera kuliko lilivyostahili. Gari lisiloweza kuvuka kizingiti cha nyumba ya mwalimu wa fizikia ni matusi.

Kumbe wapo watu duniani wanaojenga magari madogo ya rimoti kwa ajili ya kupanda mawe, wala si kwa ajili ya mbio. Nilizitazama video zao kwenye simu. Wanasema mambo mengi, nami sikulikubali hata moja kabla ya kulijaribu. Mmoja alisema uzito uwekwe chini, kwenye magurudumu, na zaidi ya yote kwenye yale ya mbele. Nilichukua ubao, nikauegemeza ukutani, nikapima kwa kipimapembe gari linapinduka ubao ukifikia mwinuko gani. Kisha nikaenda kwa wauza zana za uvuvi, nikanunua chubwi, zile risasi ndogo za kuzamishia mshipi, nikazipanga ndani ya rimu na kuzigandisha kwa gundi. Nikapima tena. Ubao ulisimama zaidi kabla gari halijapinduka. Hapo ndipo nilipomsadiki yule bwana wa kwenye simu, na kwa neno hilo moja tu.

Mota ya awali ilikuwa na mbio zisizo na nguvu. Niliitupa, nikaweka mota ya bisibisi ya umeme iliyoungua betri, pamoja na gia zake zote, maana gia hizo hugeuza mzunguko mwingi dhaifu kuwa mzunguko mchache wenye nguvu. Ekseli za plastiki zilipokatika nilizibadilisha kwa vyuma vilivyonyooka nilivyovitoa ndani ya mashine kuukuu ya kuchapishia. Difu, ile gia inayogawa nguvu kati ya magurudumu mawili, niliifunga kwa gundi ngumu ili gurudumu moja likikosa pa kushika, la pili lisiache kuvuta. Bodi niliikata kutoka kwenye dumu la mafuta ya kupikia. Matairi yalitoka Dar es Salaam, laini kama sikio, nami nikayajaza sifongo ya godoro, nikaona yanabonyea mno. Nikatoa sifongo, nikajaza vipande vya ndala kuukuu, yakawa sawa. Ndala zilikuwa za mke wangu. Alisema hazikuwa kuukuu.

Lilibaki tatizo la maji ya chumvi, ambayo huua vifaa vya umeme haraka. Dawa yake ni kuupaka ubao wa saketi rangi ya kucha, ile angavu. Nilikwenda dukani.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Nipe rangi ya kucha."

"Ya mama nyumbani?"

"Ya kwangu."

Muuza duka alitazama vidole vyangu, akatazama kofia yangu ya msikitini, akauliza kwa adabu kubwa, "Tukupe nyekundu au ya waridi?"

Nilimjibu kwamba nataka isiyo na rangi. Alifunga kichupa hicho katika gazeti kama anayemstiri mtu. Nilipofika nyumbani mke wangu alikuwa ameshapata habari. Ndivyo mji wetu ulivyo: neno lilinipita njiani, na lilikuwa limevaa hereni na wanja.

Sasa niuzungumzie mwamba. Upo ukingoni mwa pwani, mwendo mfupi kutoka kwangu, ukuta wa matumbawe makavu wenye meno makali, mashimo na vidaraja kama vya ngazi, kuanzia mchangani hadi juu kwenye nyasi. Maji yakijaa hufunika miguu yake. Yakipwa hubaki mkavu, na chini yake ipo njia wanayopita akina mama wanaokwenda kutafuta pweza. Nilitaka gari langu lipande kutoka mchangani hadi nyasini bila kuguswa. Hiyo ndiyo ilikuwa shabaha yangu, na sikuwa na nyingine. Palikuwa na sababu ya kuharakisha. Kidole gumba cha mkono wangu wa kulia, kile kinachoamuru mwendo, kilikuwa kimeanza kutetemeka. Daktari alinipima, akaniambia bila kuzunguka kwamba mtetemeko huo hautarudi nyuma, utaendelea mbele. Neno hilo nililikubali, kwa kuwa aliyelisema alikuwa amenipima.

Kwa hiyo kila maji yalipokupwa asubuhi nilikuwa mwambani. Gari lilipanda polepole, likinguruma, gurudumu moja likitafuta pa kushika huku mengine yakisubiri. Mara nyingi lilifika mahali likakwama, mota ikalalamika, nami nikazima. Hapo nilipanda hadi lilipo, nikainama, nikapapasa jiwe, nikakadiria urefu wa kidaraja, kisha nikachora msalaba mdogo kwa chaki mahali lilipokwama. Maana ya msalaba ilikuwa kwamba hapa limeshindwa, nisirudie njia hii mpaka nimebadilisha kitu. Mtu aliyesahihisha madaftari maisha yake yote haachi kosa bila alama.

Sikujua kwamba natazamwa.

Katika akina mama wa pweza yumo mmoja ambaye ni mtani wangu. Babu zake na babu zangu walitaniana, na sisi tumerithi. Msomaji wa huku hahitaji kuelezwa: mtani anaweza kukwambia lolote, hata matangani, hata marehemu akiwa hajatoka ndani, nawe huna ruhusa ya kukasirika. Mama huyu anaitumia haki hiyo kikamilifu. Asubuhi moja alipita chini ya mwamba na wenzake, vijiti vya chuma begani, akanikuta nimeinama napapasa jiwe.

"Jamani mtazameni mtani wangu! Anabembeleza mawe, kwake kuna mke."

"Pita na pweza wako."

"Nipite wapi na umeshaiona mali ya Mjerumani? Hiyo misalaba ni ya nini? Unafikiri hatujui? Rupia zimejaa humo, unataka kuoa mke wa pili uniache mimi bila mgawo!"

Wenzake walicheka hadi wakashika magoti. Nilicheka na mimi, ndani kwa ndani, maana uso wangu haukuzoea. Ulikuwa utani mzuri. Kosa ni kwamba ulisikiwa na watu ambao hawakuwa watani wa mtu yeyote pale.

Huku kwetu ipo imani kwamba Wajerumani, walipokuwa wakikimbia vita, walizika rupia na dhahabu, wakaacha alama juu ya mawe ili warudi kuchukua. Sijawahi kukutana na mtu aliyeziona. Nimekutana na wengi waliomsikia aliyemjua aliyeoneshwa. Rutamba wanasema zipo Milola, Milola wanasema zipo pwani, na sisi wa pwani tunaelekeza vidole bara. Nimewahi kuwauliza wazee wenzangu swali moja tu, nani aliona, nao wakaniona mtu mgumu asiye na mazungumzo.

Siku chache baada ya utani ule nilifika mwambani nikakuta shimo. Lilikuwa mahali penye msalaba wangu, limechongwa kwa sururu katika jiwe, na vifusi vimemwagwa chini kwenye njia. Kesho yake yakawa mengine. Kila nilipokuwa nimeandika kwamba nimeshindwa, mtu alikuwa amechimba. Nilisimama pale nikiwa na gari mkononi, nikaelewa kwamba watu wazima wenye nguvu zao wanaamka alfajiri kuchimba makosa yangu.

Nilifanya lile ambalo mwalimu angefanya. Kando ya kila msalaba mpya niliandika kwa herufi kubwa: HAPA GARI LIMESHINDWA. Matokeo yake yalinifundisha jambo ambalo darasani sikulijua. Ilisemwa sasa kwamba mzee ameanza kuandika kwa mafumbo, na kwamba neno "limeshindwa" maana yake mali ni nzito, gari limeshindwa kuibeba. Mashimo yakaongezeka ukubwa.

Mwamba ulianza kuharibika. Njia nilizozisoma kwa miezi zilibomolewa, na vidaraja vilivunjwa. Halafu mbuzi wa jirani akatumbukia akavunjika mguu, na mmoja wa akina mama wa pweza, si mtani wangu, aliteleza juu ya kifusi akachanika goti vibaya. Hapo mwenyekiti wa kitongoji akaniita.

Mwenyekiti wetu ni mtu mpole, ana umri wa kuwa mwanangu, na hupenda kila jambo liishe kwa watu kupeana mikono. Alinikaribisha kiti, akaniamkia, akauliza habari za mihogo. Kisha akasema:

"Mwalimu, watu wanalalamika. Mimi nimefikiri gari likae hapa ofisini kwangu mpaka mambo yatulie."

"Gari limemchimbia nani shimo?"

"Hapana, mwalimu, gari halijachimba."

"Mbuzi amevunjwa na gari?"

"Hapana."

"Basi unalikamata kwa kosa gani?"

Alijikuna shingo. "Si kulikamata. Ni kulihifadhi. Likiwa halionekani, na wao wataacha kuchimba."

Nilimwambia kwamba hilo ni sawa na kumfungia ndani mtu anayepita njiani kwa sababu wezi wanamfuata. Nilimwambia pia habari ya kidole changu, jambo ambalo sikuwa nimemwambia mtu ila mke wangu. Mambo ya huku hutulia polepole, na mimi sikuwa na muda huo. Likikaa ofisini kwake mpaka kila mtu achoke kusema, nitakapolipata mkono wangu hautalifaa kitu. Alinisikiliza kwa huruma, na huruma hiyo ilinichoma kuliko ukali. Akasema basi tuitishe kikao, watu waamue.

Nikasema, "Kikao kiwe mwambani. Maji yakiwa yamekupwa. Na wenye sururu waje nazo."

Walikuja wengi kuliko wanaokuja kwenye vikao vya maji au vya barabara. Aliyesema kwa niaba ya wachimbaji alikuwa mtu mmoja mnene wa mabega, aliyewahi kufanya kazi machimboni bara na kurudi na kikohozi na kujiamini. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na hakika, na hakika yake haikuwa na chanzo.

"Mwalimu, sisi tunakuheshimu," alisema. "Tunachotaka ni haki. Hiki kifaa kinajua. Kikifika penye madini kinalia na kusimama. Tumekiona. Wewe unaweka alama. Tugawane."

"Kinalia kwa sababu kimekwama."

"Kwa nini kikwame hapo na si pengine?"

"Kwa sababu jiwe la hapo ni refu kuliko gurudumu."

Watu waliguna. Jibu hilo lilikuwa fupi mno, hawakulipenda. Yule bwana akainua sauti: "Basi apa! Apa kwa msahafu kwamba hujui kitu. Au tutasoma halbadiri, imrudi anayeficha!"

Halbadiri si jambo la kutamkwa hovyo katika pwani hii. Ni kisomo cha kumshitaki mtu kwa Mwenyezi Mungu, na wapo wanaougua kwa kusikia tu kwamba kitasomwa. Niliwaona wengine wanarudi nyuma hatua moja. Mwenyekiti alinitazama kama anayenisihi.

Nikasema, "Kuapa siapi. Katika dini niliyosomeshwa, mwenye madai ndiye anayeleta ushahidi, na wewe hujaleta hata jiwe. Lakini halbadiri someni. Someni leo. Mkeka nitatoa mimi, ubani nitanunua mimi, na mke wangu atapika uji wa kuwapa wasomaji. Sharti langu moja: iseme imrudi anayeficha, na imrudi pia anayesema asilolijua."

Mtani wangu, aliyekuwa ameketi juu ya ndoo yake iliyopinduliwa, ndiye aliyejibu.

"Hapo mmeniingiza na mimi! Jamani, ya mali niliyasema mimi. Nilikuwa namtania. Huyu hana rupia, angekuwa nazo asingevaa koti hili."

Watu walicheka, kisha yule bwana wa machimboni akatikisa kichwa. "Ameshakupa mgawo wako, mama."

"Anipe nini huyu? Hata salamu anatoa kwa kipimo!"

"Ndiyo maana unamtetea."

Niliona uso wa mtani wangu unabadilika. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue alikuwa amesema kweli tupu, na hakuaminiwa. Alitazama chini kwenye njia yake iliyojaa vifusi.

Nikaweka gari mchangani. Nikawaambia watazame. Nililipandisha kwa njia ambayo haijachimbwa, nao wakasogea, na kwa kweli lilipanda vizuri siku hiyo, gurudumu la mbele likining'inia, likashuka, likashika. Kidole kilitetemeka, nikakikaza juu ya kitufe cha mwendo. Lilifika kwenye kidaraja cha katikati, likainua pua, likalia, likasimama. Nikatoa chaki mfukoni, nikapanda, nikachora msalaba mbele yao wote.

"Hapa," nilisema. "Chimbeni. Mchana kweupe, mimi nikiwa nimekaa, mwenyekiti akiwa amesimama."

Walichimba. Walikuwa na bidii ambayo sijaiona katika kazi yoyote ya kitongoji. Jiwe lilitoa cheche, jasho likawatoka, na shimo lilipofika magotini sururu ikagonga kitu kilicholia tofauti. Yule bwana akaingiza mkono. Akatoka na msumari mnene wa chuma, ulioliwa na kutu, mrefu kama kiganja.

Sitaficha kwamba moyo wangu uliruka. Makelele yaliyopigwa pale nadhani yalisikika Kilwa Kisiwani. "Chuma cha Mjerumani!" "Si tulisema!" Mwenyekiti alifunika uso. Mke wangu, aliyekuwa amesimama juu kwenye nyasi na kanga yake, alinitazama kwa namna ya kuniuliza nitafanya nini sasa.

Nilifanya kilekile nilichowafanyisha wanafunzi walipopata jibu waliloliombea. Niliwaambia jaribio moja halitoshi.

"Mwenyekiti, geuka uwape mgongo. Okota jiwe, lirushe nyuma yako kokote. Litakapoanguka hapana alama yangu wala gari langu halijafika. Wachimbe na hapo."

"Ya nini tena?" alisema yule bwana. "Tumeshaona."

"Mmeona kwamba penye chaki pana chuma. Hamjaona kwamba pasipo chaki hapana."

Wengine walikataa. Walikuwa wamechoka, na waliyoyapata yaliwatosha. Nikakaa juu ya jiwe mbele ya gari langu, nikasema sitaondoka wala gari halitakwenda ofisini mpaka shimo la pili lichimbwe, na kama maji yatajaa yatatukuta hapo sote. Mtani wangu akainuka kwenye ndoo yake, akamnyang'anya kijana mmoja sururu.

"Rusha jiwe, mwenyekiti," alisema. "Nikichoka mimi mtapokea nyie wanaume, kama mpo."

Jiwe lilirushwa. Liliangukia mbali, karibu na maji. Alipiga sururu mapigo machache, wanaume wakaona aibu, wakapokea. Na huko nako, chini kidogo tu, walikuta chuma: kipande cha mnyororo kilichoshikana kwa kutu. Mwenyekiti, bila kuambiwa, akarusha jiwe jingine upande wa pili. Huko hawakukuta kitu. Akarusha tena. Wakakuta kitasa cha sanduku, au kitu kinachofanana na kitasa.

Waliniuliza vyuma hivyo vimetoka wapi. Nikajibu sijui. Inawezekana mashua zilitengenezwa pale zamani. Inawezekana bahari ilivileta. Sikuwapo. Nilichojua ni kwamba vipo penye chaki na vipo pasipo na chaki, kwa hiyo chaki haina habari navyo.

Yule bwana wa machimboni alikaa juu ya kifusi, akapangusa jasho, akafikiri kwa muda mrefu. Niliamini amenielewa. Kisha akasema kwa sauti ya mtu aliyepata nuru:

"Kwa hiyo mali iko pwani nzima!"

Nadhani hata yeye aliusikia ubaya wa neno hilo baada ya kulitoa, kwa sababu watu walicheka vibaya sana, na mtani wangu alilazimika kushikilia ukuta wa mwamba. "Anza kuchimba Kilwa, umalizie Mtwara!" alimwambia. "Sisi tutakuletea chakula njiani. Lakini kwanza fukia hapa. Wote mfukie. Hii ni njia yetu, na atakayetoboa tena mahali ninapokanyaga nitamkamulia wino wa pweza machoni."

Mwenyekiti aliona kwamba huo ndio mwanya wake. Alitangaza kwamba gari halitakamatwa, kwamba mashimo ya njiani yafukiwe kabla maji hayajajaa, na kwamba asichimbe mtu pale bila ruhusa ya kitongoji. Watu wakaitikia. Akasogea karibu yangu, akaniinamia sikioni kwa upole wake.

"Na wewe mwalimu, nisaidie kidogo. Endesha gari lako, hakuna neno. Acha chaki tu. Watu wakiona alama watasema."

Lilikuwa ombi dogo. Najua wengi wangelikubali, na mke wangu jioni ile aliniambia kwamba yeye angelikubali. Chaki haigharimu kitu kuiacha. Ningeweza kupakumbuka mahali pa makosa kwa kichwa, kama kichwa bado kingekuwa cha zamani. Lakini nilikuwa nimetumia asubuhi nzima kuthibitisha mbele ya watu kwamba alama yangu haina hatia. Nikiifuta sasa, kesho itasemwa kwamba mzee ameacha kuweka alama kwa kuwa mali ameshaihamisha. Na itakuwa mimi mwenyewe niliyewapa ushahidi.

"Chaki siachi," nilisema, kwa sauti ya kusikika na wote. "Nikishindwa nitaandika nimeshindwa. Asiyeamini aje aniulize, nyumba yangu ina mlango na mlango una kizingiti kifupi."

Mwenyekiti alishusha pumzi. Hakunipa mkono, na kwa mtu kama yeye hilo lilikuwa jambo kubwa. Lakini gari niliondoka nalo kwapani.

Gari bado halijafika nyasini. Kidole gumba cha kulia kimefika mahali ambapo hakiaminiki tena, kama daktari alivyosema. Niliifungua rimoti, nikahamisha nyaya, sasa mwendo unaamriwa na mkono wa kushoto na usukani umekwenda kulia, ambako mtetemeko mdogo hauna madhara makubwa. Mwanzoni lilikwenda kama mlevi. Nilijifunza upya mezani, barazani, kwenye ngazi za jikoni, hadi mke wangu akapiga marufuku jikoni. Mkono wa kushoto ni mwanafunzi mzito, lakini nimefundisha wazito kuliko huo.

Maneno hayajaisha. Juzi alifika mwambani mtu mzima wa makamo, mgeni, viatu vina vumbi la njia ndefu. Aliniamkia kwa heshima, akasema ametoka upande wa Milola.

"Mzee, nimesikia una gari linaloonesha rupia."

"Umesikia kwa nani?"

"Kwa watu."

"Watu gani?"

Alifikiri. "Watu tu, mzee."

"Kaa pale kwenye jiwe utazame," nilimwambia.

Alikaa. Nililipandisha kwa mkono wa kushoto, likapita kidaraja cha katikati, ambacho mwaka jana hakikupitika, likaenda juu zaidi ya lilivyowahi kufika, karibu sana na ukingo, hadi nikasahau kwamba nina mgeni. Kisha jiwe likameguka chini ya gurudumu la nyuma, gari likapinduka, likateremka likigonga hadi mchangani, rimu moja ikapasuka na chubwi zikamwagika. Nilipanda taratibu hadi pale jiwe lilipomeguka, nikachora msalaba.

Mgeni alinyoosha shingo. "Hiyo ndiyo nini, mzee?"

"Nimeshindwa hapa."

Alisubiri niongeze neno. Sikuongeza. Alikaa kidogo, akakung'uta suruali, akaaga, akaenda zake akionekana kama mtu aliyedhulumiwa. Nikaokota chubwi mchangani moja baada ya nyingine, nikatoa gundi kwenye mfuko, na maji yakiwa bado hayajaanza kurudi, nikaanza kuifunga rimu upya.